Nguo ya Kalkulatrisi

Mama Débora hakuweza kuvumilia kuona kitu kiko uchi. Redio ya nyumbani kwake ilikuwa na nguo, saa ya ukutani ilikuwa na nguo, chupa ya chai ilikuwa na nguo yenye kola. Hata kiti cha baiskeli ya mumewe kilivalishwa kitambaa cha maua mekundu, na wanaume wa Kamina walipomwona mwalimu Isaïe anapita amekalia maua, walimwamkia kwa heshima zote, wakangoja afike mbali ndipo wacheke. Isaïe alijua wanacheka. Lakini mtu akishaishi miaka kumi na nane na mke anayetarizi, mke ambaye akina mama wa kanisa wanakuja kuazima sindano zake na ushauri wake, hujifunza kukaa juu ya maua na kunyamaza.

Basi mwaka ule wa 1988, mwalimu aliporudi nyumbani na kalkulatrisi ya shule, kimashine cha kupigia hesabu, ikiwa mfukoni mwa shati, kila mtu angeweza kukisia yatakayotokea.

Kalkulatrisi hiyo ilitoka ng'ambo, ndani ya bahasha ya Wakristo fulani wenye huruma. Ilikuwa moja, na wanafunzi wa darasa la tano walikuwa hamsini na wawili. Noé, mkuu wa shule, mtu wa maneno machache na yote mazito, alimkabidhi Isaïe mashine hiyo pamoja na masharti.

"Mbele ya Noeli inspecteur atakuja," alisema. "Ataangalia kama hii kintu inafundisha batoto ama inabaharibu. Akiona inafundisha, tutapata sanduku muzima, mashine makumi mbili. Akiona hapana, hata hii moja inaenda Luena."

Katika maneno yote hayo Isaïe alisikia moja tu, Luena. Kule alifundisha shemeji yake, kaka wa Débora, ambaye kila likizo alishuka kwenye treni akiwa na habari mpya ya jinsi Luena ilivyoipita Kamina. Isaïe alikuwa Mkristo mwema na alimwombea shemeji yake afya njema. Kumpelekea kalkulatrisi lilikuwa jambo jingine.

Wiki mbili za kwanza mashine ilifanya kazi vizuri mno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ulipomwuliza mtoto saba mara nane, hakutazama juu akitafuta jibu, alitazama kabati ilimowekwa mashine. Mtoto aliyekuwa na jedwali lote la kuzidisha kichwani mwezi Septemba, Oktoba alikuwa na kidole tu, na kidole kilikuwa tayari kubonyeza. Isaïe alianza kuogopa. Inspekta akija leo, alijiambia, ataandika kwamba inaharibu, na atakuwa ameandika kweli.

Wakati huohuo Mama Débora alikuwa anapima. Alichukua velua ya samawati iliyobaki kwenye pazia la kanisa, akaiwekea kitambaa cha ndani, akakata tundu la kila kitufe na dirisha refu la tarakimu. Juu ya dirisha hilo palikuwa na kipande cheusi kinachong'aa, kisichoandikwa neno wala kubonyezwa.

"Baba Léa, hii nyeusi iko na kazi gani?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Isaïe hakujua. Lakini alikuwa mwalimu, na tangu apewe chaki hakuwahi kutamka neno sijui mbele ya mtu, sembuse mbele ya mke.

"Ni pambo," akasema.

Kwa kuwa pambo la Mama Débora lilikuwa zuri zaidi, mahali hapo ndipo alipotarizi njiwa. Alimaliza mnamo Novemba. Akashona pande zote nne kwa mishono miwili miwili, mavumbi yasiingie wala vidole vya wezi, na Isaïe akaipeleka shuleni kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa.

Siku hiyo aliwaandikia watoto ubaoni kumi na saba mara thelathini na sita, akabonyeza, akatazama dirishani. Dirisha lilikuwa tupu. Akabonyeza tena. Akaitikisa kidogo, kwa adabu. Watoto hamsini na wawili walikuwa wanamtazama yeye na njiwa wake.

Mtu mwingine angesema mashine imekufa. Isaïe alifunga macho, akazidisha kichwani, akafungua macho, akaiinua mashine karibu na pua na kusoma kwa sauti kubwa, "Mia sita kumi na mbili." Jibu lilikuwa sahihi. Uongo nao ulikuwa umezaliwa, mzima wa afya.

Jioni aliipeleka kwa Mputu, fundi wa redio sokoni, mwanajeshi wa zamani aliyejifunza kazi yake kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji. Mputu aliigeuza mara moja tu.

"Vua hii nguo nione."

"Hapana. Bibi njo alishona. Akiona uzi umekatwa atauliza."

"Sasa Maître," Mputu akamrudishia mwalimu mashine yake, "munganga atapima namna gani mugonjwa mwenye kujifunika blanketi mupaka ku kichwa?"

Isaïe akarudi nyumbani na mgonjwa wake. Kumwambia Débora kwamba kitu alichokishonea majuma mawili kimefia ndani ya nguo hiyohiyo, hapana, hakuweza. Alimpenda, na alimwogopa kidogo, kwa kipimo anachostahili mke mwema. Kumwambia Noé ilikuwa sawa na kuikatia mashine tikiti ya treni ya Luena. Akaamua kwamba ataisomea mashine hadi Noeli, na baada ya hapo Mungu atajua.

Akatunga sheria mpya darasani. Kwanza kila mtoto apige hesabu kwenye ardoise yake, kile kibao cha kuandikia kwa chaki. Pili mmoja aje kubonyeza. Tatu, mwalimu peke yake ndiye asome, kwa sababu tarakimu zile ni ndogo na zitawaharibia watoto macho. Na ili asiaibike, alfajiri kabla ya kutoka kitandani alilala chali, macho amefumba, midomo ikicheza, akipanda jedwali la kumi na tatu, la kumi na saba, la ishirini na tatu. Mtu wa miaka arobaini na sita alikuwa anajifunza upya kama mtoto, na kwa hofu ileile.

Jambo moja lilimshangaza. Débora alianza kumstahi. Asubuhi alitembea kwa ncha za vidole. Samaki wa Malemba-Nkulu alipopikwa, Isaïe aliwekewa kipande ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Akadhani ni heshima ya kalkulatrisi, akala, na kila tonge lilipita kooni na mwiba wa aibu.

Inspekta alifika Jumamosi moja ya Desemba. Aliitwa Mulumba, alikuwa na miwani mizito na begi la ngozi, na alimwita Isaïe kwa jina la kwenye karatasi za serikali, akitanguliza Citoyen, yaani Raia.

"Citoyen Mwanza, endelea na kazi. Minyi siko hapa."

Yeye ambaye hakuwapo akajaza kiti chote cha mwalimu. Noé alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Isaïe aliandika arobaini na nane mara ishirini na tano. Chaki zikakwaruza kwenye ardoise. Akamwita Marceline, binti wa sajini wa Base aliyeishi mjini kwa shangazi yake ili asome, akaja kubonyeza vitufe kwa uangalifu wa mtu anayechoma chanjo. Isaïe akainua mashine, akafumba macho, akafumbua.

"Elfu moja mia mbili."

Ardoise zikainuliwa juu. Zote zilikuwa zimeandikwa 1200. Inspekta alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika mstari mzima katika daftari lake, na Isaïe akaliona sanduku la mashine ishirini linaingia mlangoni kwa miguu yake lenyewe.

"Nzuri sana," alisema inspekta. "Leta nione."

Hakukuwa na njia ya kumkatalia inspekta. Mulumba akaitazama mashine, akafuta miwani, akatazama tena. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akapapasa njiwa kwa kidole gumba. Kisha akarudi mezani, akachukua wembe wa kuchongea kalamu, na kabla Isaïe hajapata la kusema uzi wa kwanza wa Mama Débora ulikatika. Isaïe alisikia kila mshono. Mishono ilikuwa mingi, mwanamke yule alishona vizuri kweli.

Mashine ilipotoka uchi kwenye jua la mlangoni, ilikaa kidogo. Kisha sifuri ikatokea dirishani, nyeusi, safi.

"Hii inakulaka jua," alisema inspekta, akigusa kile kipande cheusi. "Kinywa yake njo hii. Mulimufunga kinywa na ndege."

Inspekta alimgeukia Isaïe polepole, na Isaïe akaona kwamba mtu huyu ameshafika kwenye swali linalofuata.

"Kama mashine ilikuwa inalala, nani alikuwa anasoma?"

Isaïe alifungua kinywa. Lakini aliyesimama kujibu alikuwa Marceline, mikono imenyooka ubavuni kama alivyofundishwa nyumbani kwao.

"Maître njo alikuwa anasoma. Anasomeaka mu kichwa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mashine ilivala nguo."

"Na weye unajua namna gani?"

"Anafungaka macho kwanza. Muntu wa kusoma hafungake macho."

Noé akakohoa pale mlangoni. Inspekta alivua miwani yake.

"Bote munajua?"

Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Tunajua," bila ubaya wowote, kama wanavyojibu mahudhurio.

"Na juu ya nini hamukusema?"

Marceline alimtazama mwalimu wake, akaona shingo yake imelowa jasho, akapunguza sauti kwa kumhurumia.

"Majibu ilikuwa ya kweli. Mara mbili tu njo alikosa. Tulimuachilia."

"Mulijua namna gani kama alikosa?"

Swali hilo lilimshangaza mtoto. "Si tulikuwa tumehesabu," alisema. "Sisi bote."

Inspekta aliketi, akaiweka mashine kwenye jua la dirisha la darasa, akabonyeza mwenyewe, kwa haraka na kwa vidole vyake vinene. "Mia tatu makumi sita na tano mara makumi mbili na ine," alisema. Chaki zikakwaruza. "Mashine inasema elfu munane mia saba makumi tatu na sita."

"Hapana," likasema darasa.

"Mashine haidanganyake."

"Makumi sita," alisema Marceline, bado amesimama. "Elfu munane mia saba makumi sita. Mwenye kubonyeza njo amekosa."

Inspekta akabonyeza tena, safari hii kitufe kimoja kimoja. Akatazama. Kisha akacheka mpaka begi likadondoka magotini, na Noé, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuona meno yake, akageuza uso nje.

"Citoyen Mwanza," Mulumba alisema akifuta macho, "nitaandika nini? Kama mashine imefundisha batoto kwa kufa?" Lakini aliandika, na alipoondoka alikuwa ameahidi sanduku, akaongeza sharti moja, kwamba mashine zisishonewe kitu.

Isaïe alirudi nyumbani akiwa na nguo ya samawati mfukoni, uzi unaning'inia. Furaha ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa nyuma ya aibu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Watoto wale walimfunikia aibu yake majuma manne, na yeye akidhani anawaficha wao. Alimkuta Débora uani anapepeta mchele. Akaitoa nguo, akaiweka juu ya ungo, akamwambia yote, tangu pambo hadi wembe.

Débora aliigeuza nguo. Akampapasa njiwa.

"Ni weye ulisema iko pambo."

"Ni minyi."

"Ulikuwa hauyue."

"Nilikuwa siyue, Mama Léa."

Neno hilo la kutojua lilikuwa geni kinywani mwake, na halikumuua. Débora akaendelea kupepeta, mara moja, mara mbili, kisha mikono yake ikasimama.

"Ngoja kwanza. Asubuhi yote ile, mu kitanda, macho ya kufunga, midomo inacheza. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahesabu. Jedwali ya kumi na saba ilinisumbua."

Débora aliweka ungo chini. Uso wake ulipita rangi zote za nyuzi zake.

"Minyi nilizani uko unaomba," alisema. "Nilikuwa natembea polepole juu ya kukuachia na Mungu. Niliambia bamama bote: bwana yangu amekuwa muntu wa maombi. Niliambia pasteur."

"Uliambia pasteur nini?"

"Yeye njo alisema. Kesho dimanche, weye njo utasimama mbele ya kanisa muzima kuongoza maombi. Jina yako ameshaiandika ku tableau, ubao ya matangazo." Akaokota ungo wake, na sasa mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa kicheko alichojaribu kukimeza. "Maombi ya murefu, Baba Léa. Nilimwambia yako iko murefu sana."

Isaïe aliketi juu ya kinu, akafunga macho, midomo ikaanza kucheza, na safari hii hakuwa na hesabu yoyote ya kupiga.