Bastola Iliyojifyatua

Risasi ilimpata Vestine akiwa amesimama mlangoni mwa duka la mbegu mjini Mbarara, Uganda, akifunga upya kitenge chake cha kubebea mtoto. Maumivu hayakuja mara moja. Alisikia mlio, halafu mguu wa kushoto ukakataa kumbeba, akakaa pale pale kwenye ngazi ya saruji kama mtu aliyechoka na safari.

Kilichotangulia mlio huo kilikuwa kitu kidogo. Vestine alitoka Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kuja kutafuta mbegu za mahindi kabla mvua haijashika. Mlangoni alimkuta askari wa kampuni ya ulinzi, mwanamke kijana aliyevaa hijabu chini ya kofia ya kazi, akipekua mifuko ya wateja. Kitenge cha Vestine kikalegea, na mtoto wake Kwizera akaanza kuteleza mgongoni. Askari alimdaka kwa mikono miwili, akamlaza begani.

"Funga polepole, nyabo, mama yangu. Mimi niko naye."

Mteja mmoja akataka kupita. Askari alipojipinda kumpisha, bastola ikachomoka kiunoni mwake, ikaanguka, kitako kikagonga saruji, ikalia.

Mungu alikuwa upande wa Vestine. Risasi ilipita katika shavu la mguu bila kugusa mfupa. Alishonwa, akalazwa, na baadaye mumewe Aloys akaja kumrudisha nyumbani. Majirani wa Rubondo walileta uji, wakamsaidia kupalilia, na habari ya bastola ikaanza kuzeeka.

Siku moja pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yao. Akashuka mzee mwenye kofia nyeupe, akavua viatu mlangoni, akakataa kukaa mpaka aseme lililomleta.

"Mimi naitwa Zubairi. Yule askari, Zaharah, ni mtoto yangu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini, baba?" Vestine akauliza.

"Ya bunduki. Kampuni inasema alikuwa anaichezea, kidole iko kwa kifyatulio. Wamemfukuza, na kesi inakuja. Wameuliza wale wenye kutengeneza, huko ng'ambo. Wamejibu bastola yao imepita vipimo yote. Kama hakuna mtu amevuta, haiwezi kulia."

Vestine alimtazama mzee, akamtazama mumewe.

"Kidole gani? Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mwana wangu."

Zubairi alikaa sasa, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Alipokwisha kuondoka, Aloys alisema alichokuwa amekizuia mbele ya mgeni. "Vestine, sisi ni wakimbizi. Tutaenda wapi, fasi gani, kusema bunduki ya watu ni mbaya? Uko muzima. Tushukuru, tunyamaze."

Aloys hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyeona mengi. Vestine naye alikuwa ameyaona hayo hayo. Alikimbia Burundi kwa sababu ya bunduki, na wakati ule hakuna hata mmoja aliyemuuliza macho yake yalishuhudia nini. Sasa kulikuwa na msichana wa watu anayebebeshwa kosa kwa kumdaka mtoto asianguke.

"Risasi ilinipiga mimi, Aloys," alisema. "Nikinyamaza mimi, nani ataongea?"

Walikwenda wote wawili mpaka kituo cha polisi cha Kamukuzi, mjini Mbarara, Vestine akitembea kwa fimbo. Huko walielekezwa kwa mkaguzi wa silaha, mama wa makamo aliyeitwa Afande Tumuhairwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudia tena, nyabo. Mahali pa mikono."

Vestine akarudia.

Afande akashusha pumzi. "Wewe ni wa pili. Kuna askari wa kampuni hiyo hiyo, wa kule Rugaaga, naye wamemfukuza; alisema bastola kama hiyo ilianguka ikalia yenyewe. Mimi nikafikiri anajitetea."

Basi likapangwa jaribio, katika uwanja wa shabaha nje ya mji. Wakala wa watengenezaji alitoka Kampala, kijana mpole mwenye suti, jina lake Natanaeli. Alikuja na mkeka mnene wa mpira, na akaeleza kwa heshima kwamba ndivyo vipimo vinavyofanywa kiwandani. Zaharah alikuwepo, amesimama kando ya baba yake, uso chini. Alipomwona Vestine na fimbo yake, alimwendea. Vestine alimshika mkono, wakasimama hivyo.

Risasi zilikuwa zimetolewa baruti na kichwa, ikabaki fataki tu ya kulia. Natanaeli akaidondosha bastola kutoka usawa wa kiuno, mdomo ukitangulia. Kimya. Akaidondosha ubavu huu, kisha ubavu wa pili. Kimya. Akatabasamu, wala si kwa kejeli. Aliamini alichokuwa anakiuza.

"Toa hiyo mpira," Afande akasema. "Kwa duka ilikuwa sima, saruji tupu. Mama Kwizera, ilianguka namna gani?"

Vestine akasogea mbele. Alionyesha kwa kiganja chake: kitako chini, mdomo juu, umelala kidogo upande wake. Natanaeli akafanya hivyo hivyo juu ya saruji tupu. Kimya. Akarudia. Kimya tena. Vestine alirudi kando ya Zaharah, akamshika tena mkono, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe akaogopa.

Mara ya tatu bastola ikalia.

Afande alitaka ichukuliwe nyingine, mpya, iliyokuwa bado kwenye boksi lake. Hiyo haikungoja hata kurudiwa. Ilipogonga tu, ikalia.

Natanaeli aliinama, akaiokota. Kisha akafunua koti lake. Kiunoni alikuwa amevaa bastola ya aina hiyo hiyo. Akaichomoa kwa uangalifu, akatoa risasi moja moja, akailaza mezani mbele ya Afande.

"Nina watoto nyumbani," alisema. "Hii nitaandika kama nilivyoiona."

Hapo ndipo Zaharah alipolia, na mzee Zubairi akageuka pembeni akifuta macho kwa kofia yake.

Bastola zote za aina ile zikafungiwa, kesi ikafutwa. Jibu la watengenezaji lilipofika, Zaharah alimpigia Vestine simu kumsomea. Lilisema bastola zao ni salama kabisa, hata hivyo, kwa hiari yao, wameamua kuziboresha zote bila malipo: kifyatulio chake ni kizito, na kikigongwa kinaendelea kurudi nyuma chenyewe, kwa hiyo watafunga kilicho chepesi.

"Kwa hiari," Vestine akasema.

"Kwa hiari," Zaharah akarudia, wakacheka mpaka Aloys akatoka nje kuuliza kuna nini.

"Na kampuni inaniita kazini," Zaharah akaongeza. "Wanasema nirudi tu, maneno yaishe."

"Rudi. Lakini kimya kimya, hapana. Walikuchafua mbele ya watu, wakusafishe mbele ya watu."

Zaharah akashika neno hilo. Yeye na yule askari wa Rugaaga walikataa kuvaa sare mpaka litamkwe hadharani. Meneja wa kampuni alizungushazungusha, lakini askari wenzao nao walikuwa wameanza kuuliza maswali, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akilala na bastola ile karibu na kichwa chake. Mwishowe askari wote walikusanywa uani mwa kampuni, na Vestine akaalikwa pamoja na watu wake. Meneja akasimama juani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Zaharah hakugusa kifyatulio, wala mwenzake wa Rugaaga, na kwamba kampuni iliwakosea.

Kisha zikaletwa bastola zilizotengenezwa upya. Natanaeli akadondosha ya kwanza juu ya saruji, kitako chini. Kimya. Ya pili, ya tatu, kimya. Afande Tumuhairwe akaichukua nyingine, akamgeukia Vestine.

"Wewe ndiye mwenye mguu. Ijaribu mwenyewe."

Vestine hakuwahi kushika bunduki maishani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Aliinua mkono mpaka kiunoni, akafungua vidole. Chuma kikagonga saruji, kikaruka, kikalala. Akaiokota, akaiangusha tena kwa nguvu zaidi, na tena. Haikusema kitu.

Askari walianza kupiga makofi, na wanawake wa Rubondo waliomsindikiza wakapiga vigelegele vya kwao, vile vya arusi. Zaharah alikuwa katikati yao, sare mwilini, kichwa juu. Aloys alikuwa nyuma kabisa, karibu na lango. Akamgeukia mtu asiyemjua, akamwonyesha kwa kidevu.

"Yule mwenye fimbo," alisema, "ni bibi yangu."

Mchana ule wote walikula pilau nyumbani kwa mzee Zubairi, na hakuna aliyewaharakisha kuondoka.