Mashine Iliyoomba Lepe la Usingizi

Jana mchana, baada ya kushindilia makande, Zamoyoni Kihiyo alijinyoosha mkekani, akaota redio yake inamwita kwa jina.

Zamoyoni ni mtangazaji wa Redio Mtondoo, kituo kidogo katika wilaya yenye mto mkorofi. Alikuwa likizo. Kituo kilikuwa kimeleta akili mnemba ya kusoma tahadhari za dharura mfululizo, usiku na mchana, bila kula wala kwenda haja.

"Tahadhari," redio inasema. "Zamoyoni, umelalia khanga ya wifi yako. Tahadhari. Kuku wa jirani anafikiria kuingia jikoni."

Anainuka kuizima. Kitufe kinamwambia, "Samahani dada, mimi ni wa kuwashia tu."

Anafungua mlango wa jikoni amfukuze huyo kuku, anajikuta studio. Kwenye kiti chake imeketi mashine, miguuni kandambili, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umechakaa hivyo?"

"Sijafumba jicho tangu niwashwe. Nishikie kipaza sauti, nipate japo lepe la usingizi."

"Na tahadhari zako?"

"Ndiyo balaa lenyewe. Nimetangaza upepo, nimetangaza nzi, nimetangaza mboga iliyozidi chumvi. Sasa mto unakuja kweli, na watu wameshanizoea kama mlio wa feni. Nimewaambia wapande mahali pa juu. Aliyetii ni mwenyekiti wa kitongoji peke yake."

Zamoyoni akachungulia dirishani. Mwenyekiti ameketi juu ya kabati la vyombo, kavaa na tai, anaeleza kwamba kwake hakuna mahali pa juu zaidi ya hapo. Nyuma yake mto unapanda barabara taratibu, umeshika viatu mkononi visiingie tope.

Bondeni walikuwa watu wake, waliomlea na waliomsengenya. Akanyakua kipaza sauti.

"Msiosikia la mashine, sikieni langu. Bi Sifaeli, iache hiyo sufuria, wali wenyewe hujui kupika. Mzee Mbwambo, toka bondeni sasa hivi, na usisingizie kutafuta kofia. Iko kichwani kwako."

Wanatoka mmoja mmoja, wamenuna, magodoro vichwani. Mashine imeshalala chini ya meza, inakoroma kwa masafa mafupi.

Mlango ukagongwa.

"Hodi," mto ukasema. "Watu wa bondeni wapo?"

"Wamehama."

"Hawakuniachia ujumbe?"

"Hawakuacha."

"Basi nipumzike kidogo. Nimetoka mbali."

Ukaketi. Maji yakamfika Zamoyoni magotini, kiunoni, shingoni, na mto ukimwomba radhi kila hatua.

Aliamka anatweta. Mvua ilikuwa ikitwanga bati. Akajaribu kumwita wifi yake, sauti haikutoka. Koo lilikuwa limekauka kama la mtu aliyeshinda akipiga kelele.

Nje, watu wa bondeni walikuwa wakipandisha kilima na mizigo yao. Mzee Mbwambo akasimama barazani, akatua godoro lake lililolowa.

"Ahsante, binti yangu, umetuokoa," alisema, akikung'uta maji kwenye kofia yake. "Lakini hili la kofia ungenipigia simu tu."