Kikombe Kisicho na Kitako

Usiku wa jana niliota nasikia mlio mdogo gizani, ti, ti, ti, ndani ya kabati la vyombo. Nikajua ni glasi inagonga sahani. Nyumba yetu haina glasi.

Nafungua. Kikombe cha kioo cha kijani kimekaa kati ya sufuria. Ubavuni kimechorwa mbwa anamkimbiza sungura. Nakitambua: mwalimu wa darasa la jioni alituonyesha picha yake, ni cha Warumi wa kale.

"Shikamoo," nasema, maana kina miaka elfu mbili.

"Marahaba, Mama Tumpe. Mtoto kanywa?"

"Bado. Tangu juzi anaharisha, kila kijiko anatema. Muuguzi kasema asipokunywa hadi asubuhi nimrudishe zahanati, awekewe dripu."

"Nijaze basi. Ila sina kitako. Anayenishika haniweki chini mpaka nimekauka."

Najaza maji ya chumvi na sukari. Kugeuka, jiko limekuwa ukumbi wa mawe. Wanaume waliojifunga mashuka meupe wamelala ubavu, wanakunywa. Tumpe wangu yuko katikati yao, mapajani mwangu.

"Mbona umemkalisha wima?" ananiuliza mmoja mnene.

"Asipaliwe."

"Na pua umembana?"

"Nimembana. Mama mkwe ndivyo alivyonifundisha, ili ameze."

"Mwachie pua, mama. Mtu ana haki ya kunusa anachokunywa."

Namwachia. Tumpe anajilaza, anaegemea kiwiko kama mheshimiwa. Anamtazama sungura.

"We, unakimbia nini?"

"Mbwa," anasema sungura, anahema. "Miaka elfu mbili sijaonja hata tone."

"Si usimame unywe."

"Nikisimama nakamatwa. Ninywee wewe."

Tumpe anafikiri. Nakishikilia kikombe, kukiweka chini siwezi. Kisha anakunywa. Kidogo. Kidogo tena. Hatemi. Maji yanashuka. Mbwa anakaa kitako, ulimi nje. Sungura anafumba macho, anameza.

Nikaamka kumekucha, mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vimekunjana kama vimeshika kitu. Kikombe cha plastiki nilichokiacha kimejaa kando ya mto kilikuwa palepale, kikavu. Shuka kavu. Tumpe alikuwa amelala ubavu, kaegemea kiwiko, ananitazama.

"Mama, niongezee maji."