Helmeti ya Mayai

Jumamosi asubuhi Wobbe Hoekstra alikitoa kiti cha jikoni, akakigeuza miguu juu, akakitia begani na kukipeleka kwenye malisho ya kijiji cha Aldsompe, ambayo hufurikishwa maji kila vuli ili yagande vizuri. Kiti kilikuwa kile kile alichokisukuma yeye barafuni, asianguke, alipojifunza kuteleza, na baba yake kabla yake. Nyuma yake alifuata binti yake Fenna, viatu vya vyuma vya kutelezea vikining'inia shingoni. Nyuma ya Fenna alikuja mkewe Nynke, mtu wa kuja, kashika helmeti nyekundu.

"Hiyo nini?" aliuliza Bibi Baukje, mama yake Wobbe, aliyekuwa akikoroga supu ya njegere kibandani.

"Helmeti, mama. Ya Fenna."

"Ala! Mtoto anakwenda kuteleza au anakwenda kuchimba makaa?"

Wanaume waliokuwa wakifagia theluji waliegemea mafagio yao ili wacheke vizuri.

"Mama Fenna," alisema Wobbe, "mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya barafu. Mtoto wa mwenyekiti avishwe sufuria kichwani? Sisi wote tuliteleza vichwa wazi, na tazama, tupo."

Walikuwapo kweli, ila si kwa ukamilifu. Aldsompe nzima inajua kwamba mtoto akiangukia kisogo, kitu humtoka. Si damu. Ni kitu kimoja kidogo tu, kinachozama kwenye barafu na kukaa humo kama kipovu cheupe. Barafu ikiyeyuka kinashuka topeni, ikiganda kinapanda tena pale pale, na ukikiwekea sikio unakisikia. Hylke mwoka mikate aliangusha namba saba, kwa hiyo akihesabu maandazi hutoka sita akaingia nane, na watu hurudi nyumbani na pungufu bila kunung'unika, maana ni mtu wa kwetu. Mchungaji aliangusha amina. Sala zake haziishi mpaka mkewe akohoe. Wobbe mwenyewe, utotoni, aliangusha neno samahani. Mama yake alisema neno lile halina kazi nyingi kwa mwanamume, akampa supu.

Nynke aliambiwa haya yote wiki aliyoolewa, kama mgeni anavyoonyeshwa choo kilipo. Ndiyo maana alinunua helmeti.

"Pengine ataangusha namba tu, shemeji," Hylke alimtuliza. "Namba ziko nyingi."

Bibi Baukje aliichukua helmeti mkononi mwa mkwewe taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akaisukumia chini ya meza ya supu.

Fenna akasukuma kiti. Alikwenda vizuri, ulimi nje, mashavu mekundu.

"Kunja magoti!" Wobbe alipaza sauti. "Usiangalie miguu, haiendi popote bila wewe!"

Kisha akaona watu wanatazama, akamwondolea kiti. Fenna alikwenda hatua chache peke yake, akaangukia kisogo. Ulisikika mlio kama wa kikombe kikiwekwa kwenye sahani. Aliinuka mwenyewe, hakulia, na wanaume walimpigia makofi ya glavu.

"Umeona?" alisema Wobbe. "Kaanguka, kainuka, hana hata mkwaruzo."

Nynke alimpigia magoti, akampangusa theluji mgongoni. "Umeumia, mwanangu?"

"Sijaumia, shangazi," alisema Fenna. "Asante."

Nynke alilala kifudifudi pale mtoto alipoangukia, akaweka sikio. Ndani ya kipovu kipya, sauti ya Fenna ilikuwa ikiita mama, kama anavyoita asubuhi kabla hajafungua macho. Kando yake, karibu kabisa, kilikuwapo kipovu cha zamani kilichoanza kuwa cha manjano. Humo mvulana alikuwa akisema samahani, samahani, kwa kosa ambalo hakuna aliyelikumbuka tena.

"Nipeni shoka," alisema Nynke.

Hapo ndipo vicheko vilipokatika.

"Shoka kwenye barafu?" alisema Wobbe. "Mashindano ni Jumatano! Wanakuja watu wa vijiji vyote. Ukitoboa hapa, ufa unakwenda mpaka kule kwenye matete."

"Ni neno lake la kuniitia, Wobbe. Na lako liko hapa hapa ubavuni. Nitayatoa yote mawili."

Wobbe aliinama, akatazama. Akafungua kinywa, akatafuta kitu humo, akafika pale ambapo hapakuwa na kitu, akakifunga.

"Barafu haichimbwi," alisema. "Na shangazi si tusi."

"Mimi mama yake hajaniomba radhi hata siku moja," alisema Bibi Baukje, akimimina supu. "Nimekufa? Njooni mnywe, inapoa."

Mashindano yalifana. Watelezaji walipita juu ya maneno yale mawili, mzunguko baada ya mzunguko, na aliyeshinda alipewa maua. Barafu ikaja ikayeyuka. Bibi Baukje, asiyependa kitu kiharibike bure, aliitandika helmeti majani makavu na kuiweka bandani, na kuku wa kahawia akaipenda.

Kijiji kizima kiliendelea kumwita Nynke Mama Fenna, isipokuwa Fenna. Mtoto alikuwa na adabu nyingi. Alishukuru kwa kila kipande cha mkate, na alibisha hodi kabla ya kufungua kabati. Alipopata homa alifungua kinywa kuita, akangoja kidogo, kisha akaomba maji.

Majira ya baridi yaliyofuata, malisho yakaganda tena. Nynke akaenda bandani.

"We! Usiitoe!" Bibi Baukje alimwekea mkono mlangoni. "Mayai yatavunjika. Tangu kuku aanze kutagia humo sijaona yai lenye ufa. Hiki kidude, mkwe wangu, kina kazi kweli."

"Usijisumbue, shangazi," alisema Fenna kutoka uani. "Baba kasema sisi hatuvai."

Nynke alikuwa na la kumjibu, lakini lilikuwa jibu la kusemwa na mama. Akashika njia pamoja nao.

Barafuni alipiga magoti kumfunga Fenna kamba za viatu. Wobbe alikuwa akiwaeleza wazazi wageni kwamba sisi wote tuliteleza vichwa wazi, na tupo. Fenna aliinama, sikio chini.

"Shangazi, humu kuna mtoto anamwita mama yake."

"Namsikia."

"Mbona mama haendi?"

"Anafunga kamba za viatu."

Fenna alijinyoosha, akatazama kulia na kushoto, juu ya kichwa cha Nynke, kwa upole wa mtu anayetaka kumsaidia mwenzake kutafuta.

"Simwoni," alisema, akajisukuma akaenda, kichwa wazi. Barafu mwaka ule ilikuwa nzuri sana, haina hata ufa.