Tumbo Lisilo na Adabu

Tumbo la Twiga lilikuwa halina adabu. Matumbo ya watu wengine hunguruma yakiwa na njaa, yakishiba yananyamaza. La kwake lilinguruma likishiba. Lilijaa hewa mpaka mkanda ukamkata, kisha bila hodi wala samahani likataka mlango ufunguliwe sasa hivi. Na harufu yake, tusifichane, ilikuwa ya panya aliyefia nyuma ya kabati. Twiga alikuwa hajaoa, na hakuwa na haraka. Nani angekubali kulala ubavuni mwa balaa kama lile?

Kwa mtu wa kazi ya mezani, tatizo kama hilo ni aibu tu. Kwa Twiga lilikuwa suala la riziki. Aliendesha kreni kwenye jengo la ghorofa, na ndiyo iliyompa hilo jina la utani. Kiti chake kilikuwa ndani ya kibanda cha vioo juu kabisa ya mnara wa chuma. Alipanda asubuhi kwa ngazi, akakaa huko mpaka kengele ya chakula. Kwa haja ndogo alikuwa na chupa. Kwa haja kubwa hakuwa na kitu, ila kushuka mnara mzima kwa miguu huku amebana meno na kila kinachobanika. Wakati huo kreni imesimama, zege linaanza kukauka, na mafundi wamekaa juu ya ndoo zao wakimcheka.

"Sote hapa tuna matumbo, Twiga," nyapara alimwambia. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu, si mbaya wa roho, ila zege halingoji mtu. "Lakini lako lina ratiba yake. Ukishuka tena kabla ya kengele, kiti hicho nampa mwingine. Wewe utabeba matofali."

Twiga aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Kule juu hakukuwa na mtu wa kuziba pua karibu naye. Kwa hiyo alikwenda kliniki, akiwa na kichupa cha choo chake mfukoni mwa shati, bado kina joto, kimefungwa kwenye karatasi tatu na bado akahisi kila aliyekaa kwenye benchi anajua. Walipima kila kinachopimika. Mwishowe wakampeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mwenye miwani na subira ya kufundishia chekechea.

"Huna mdudu, huna kidonda," dada yule alisema. "Utumbo wako ni mwepesi wa kuudhika tu. Kuna vyakula vinauchokoza. Tutavitoa vyote tunavyovishuku: vitunguu, vitunguu saumu, maharage, kabichi, maziwa, ngano. Tumbo litulie kwanza. Likishatulia, tunarudisha kimoja kimoja, taratibu, tuone ni kipi kinachokuumiza."

"Na lisipotulia?"

"Basi kuna kimoja hakijatoka."

Aliyepika nyumbani alikuwa mama yake. Mama huyu alikuwa na jina mtaa mzima kwa supu yake ya nyama na viazi. Watu waliokuja kumwona mgonjwa aliyepelekewa supu hiyo walibaki mpaka sufuria ikaisha, mgonjwa akasahaulika. Twiga alimweleza yote, neno kwa neno. Mama akasikiliza akiwa amekunja uso kana kwamba anaelezwa habari za kuchamba hadharani.

"Sasa utakula nini, mwanangu? Mawe?"

"Supu yako, mama. Bila kitunguu."

"Haya. Hutakula kitunguu. Nimesikia."

Wiki ya kwanza tumbo halikutulia. Ya pili likazidi. Twiga akaanza kushuku kila kinachopita mdomoni. Alishuku mayai, akayaacha. Alishuku mchele, akautazama kwenye sahani kama anautazama mwizi. Alishuku maji ya bomba na dawa ya meno. Ikafika mahali akakichukia chakula chenyewe. Saa ya mapumziko alikaa mbali na wenzake asiwaone. Maharage yanang'ang'ania kwenye fizi, mafuta yanatiririka kidevuni, vidole vinalambwa kimoja baada ya kingine, na juu ya yote wanacheua kwa raha na kumshukuru Mungu. Kinyaa kilimpanda mpaka masikioni. Hawa walikula takataka zote hizo na bado walikaa kazini mpaka jioni. Yeye alikunywa supu ya mama, safi, nyepesi, na alikuwa anaoza akiwa hai.

"Mama, una hakika hakuna kitunguu?"

"Umekiona wewe kwenye bakuli?"

Hakukiona. Alikoroga kwa kijiko mpaka chini, hakuona hata ganda.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya juu, Twiga alipanda akiwa amekunywa mabakuli mawili, maana mama alimwambia amekonda. Asubuhi haijakolea, ndoo kubwa ya zege ikiwa inaning'inia juu ya vichwa vya mafundi, tumbo likapinda. Si maumivu aliyoyazoea. Haya yalikuwa kama mtu anakamua nguo ya mvua ndani yake. Jasho likamtoka kwenye kope. Chini, mpiga ishara alikuwa akiongea kwenye redio ya mkononi: kushoto kidogo, kidogo tena, ngoja.

Mwendesha kreni haachi mzigo hewani. Hata nyumba yake ikiungua. Twiga akabana, akaomba, akatukana kwa sauti ndogo, mkono wake ukabaki imara kwenye mtambo. Ndoo ikashuka polepole mpaka ikagusa. Mpiga ishara akasema, "Safi!" Na ndani ya kibanda kile cha vioo, chini ya jua, mwili wa Twiga ukaamua kwamba kazi imekwisha.

Joto lilienea chini yake, likapanda mgongoni, likateremka kwenye soksi. Harufu ikajaa kibandani, nzito, ya uchachu, na hakuna dirisha lililofunguka zaidi ya upana wa kiganja. Alitapika kwenye kofia yake ya kazi. Kisha akakaa pale, mtu mzima mwenye leseni, akilia kwa hasira. Aliuchukia mwili wake kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Alishuka na kile kitu kikishuka naye, ngazi kwa ngazi. Mafundi walirudi nyuma. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Nyapara alijiziba pua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akawaashiria watu watazame kwingine.

"Nenda nyumbani," alisema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua anayo. "Pumzika siku tatu. Ukirudi ukashuka tena kabla ya kengele, usinilaumu."

Nyumbani alipitia mlango wa nyuma, akaoga, akajisugua mpaka ngozi ikawaka. Alipotoka bafuni alisikia mtu anafyonza kitu jikoni. Akachungulia.

Mama alikuwa amesimama kando ya jiko. Sufuria ya supu ya mchana ilikuwa wazi. Mkononi ameshika uma, na kwenye uma kuna kitunguu kizima, kikubwa, kimechemka mpaka kimekuwa laini na cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Alikifyonza, tabaka moja likachomoka likateleza mdomoni, ute ukabaki ukining'inia kidevuni. Pembeni, kwenye kisahani, vilikuwepo vingine viwili vikisubiri zamu.

Twiga alishika fremu ya mlango. "Mama. Hicho nini?"

"Umerudi mapema," mama alisema, wala hakushtuka. "Kitunguu."

"Kimetoka wapi?"

"Kwenye sufuria. Nakichemsha kizima na nyama, kikiiva nakitoa. Daktari wako si alisema usile kitunguu? Umekila? Kitunguu nakila mimi."

Twiga alitaka kucheka, akataka kupiga kelele, akaishia kuinama juu ya karo. Wiki zote zile! "Mama, kinachoniumiza kinaingia kwenye maji! Kimetoka kitunguu, kimebaki kitunguu! Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Mimi chawa?" Uma ukashuka. "Nimekuzaa, nimekufulia mpaka leo, halafu mimi chawa? Unajua supu isiyo na kitunguu ni nini? Ni maji yaliyooshewa nyama. Inanuka damu. Sijawahi kumpa mbwa, nitakupa wewe?"

"Nipe hiyohiyo inayonuka."

Siku ile na zilizofuata mama alipika maji yaliyooshewa nyama. Alipika amegeuza uso pembeni, akaweka bakuli mezani kwa ncha za vidole, akaenda kula kwa jirani. Twiga alikunywa. Kweli ilinuka damu, na povu la kijivu lilielea juu. Alikunywa huku amefumba macho. Na lile tumbo, tumbo lililomvua nguo mbele ya kiwanja kizima, likalala. Alirudi kazini, akapanda, akakaa mpaka kengele. Kesho yake tena. Nyapara alimpungia mkono kutoka chini.

Lakini mama hakukubali. Kila jioni alikuwa na neno. Ni upepo wa kule juu. Ni mabomba ya mtaa. Ni jicho la mtu. Kitunguu chake hakijawahi kumdhuru kiumbe. Na mtaalamu wa lishe naye, Twiga alipompigia simu, alisema jambo lilelile kwa njia nyingine: kushuku si kujua. Chagua siku ya mapumziko, rudisha kitunguu peke yake, uone. Bila hivyo hutakuwa na hakika, na siku moja utakula bila kujua ukiwa huko juu.

Basi siku ya mapumziko mama akapika supu yake ya zamani, kwa mbwembwe, akiimba. Nyumba ikajaa ile harufu tamu ambayo mtaa mzima uliipenda, na Twiga akaziba pua. Mama aliketi mbele yake kuhakikisha anamaliza.

"Unaona?" alisema bakuli lilipokwisha. "Si umekaa tu?"

Hakukaa sana. Jua lilipogeuka alikuwa chooni, amekumbatia magoti, na nyumba ilikuwa ndogo, na mlango wa choo ulikuwa wa ubao mwembamba. Kila kitu kilisikika. Mshindo, mmiminiko, mtu mzima akiguna kama mnyama. Harufu ilipita chini ya mlango ikaenda kujitambulisha yenyewe. Katikati ya aibu ile Twiga akaona kivuli cha miguu pale chini. Mama alikuwa amesimama nje.

"Mama, ondoka! Unasikiliza nini?"

Miguu haikuondoka. Sauti ya mama ikatoka nzito, kama ya mtu aliyejiziba pua.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unafanya kazini?"

"Hivi hivi."

Tumbo likapinda tena, likamaliza, na mama hakusogea.

"Ulipokuwa mtoto," alisema, "ulikuwa mtu wa kulia tumbo. Kila jioni. Watu wakasema una chango. Unakumbuka nilikuwa nakupa nini?"

Twiga alikumbuka. Aliinamisha kichwa kwenye magoti.

"Supu," mama alijijibu. "Na ukizidi kulia, nakuongezea."

Miguu ikaondoka mlangoni. Baadaye kidogo akasikia sufuria nzima ikimwagwa kwenye mtaro wa nje, kisha mama akitapika.