Maana ya Karate

Ndihokubwayo alitoka Bujumbura na begi moja na mkanda mweusi. Alipofika ugenini, katika mtaa wa Nyakabanda, alikodi ukumbi nyuma ya karakana ya seremala, akaanza kufundisha karate. Mwanzoni wanafunzi walijaa. Kisha familia zikahamia Gahanga kwenye nyumba mpya, wengine wakachoka tu, na mwaka huu alibaki na mmoja: Bernard, mhasibu Mtanzania aliyefiwa na mke. Bernard alikuja kwa sababu nyumbani ilibaki televisheni peke yake.

Jumamosi moja walikuwa wamekaa mkekani wakipumzika.

"Mwalimu, hivi neno karate maana yake nini?"

"Ni Kijapani. Kara ni tupu, te ni mkono. Mkono mtupu. Lakini zamani hiyo kara iliandikwa kwa herufi nyingine, yenye maana ya China, kwa vile mchezo ulikuwa na asili ya huko. Baadaye wakabadilisha herufi, sauti wakaiacha vilevile."

Bernard akacheka. "Basi kwetu tunasema mkono mtupu haulambwi!"

Ndihokubwayo hakucheka. Aliinuka, akaenda kusimama dirishani.

"Nimekosea, Mwalimu?"

"Hapana, kaka. Methali hiyo niliambiwa mwezi uliopita. Nilikwenda Kabuga kwa kaka yake Annick, msichana ninayempenda, kumwomba nimuoe dada yake. Alinipa Fanta, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu hivyohivyo, kwa Kiswahili, ili mama yao asielewe."

"Na Annick?"

"Alielewa. Alikusanya chupa, akaingia ndani. Tangu siku ile hapokei simu."

Bernard alitaka kusema kwamba marehemu mke wake alimkubali akiwa hana hata kitanda. Akaona maneno hayo yatamuumiza mwenzake, na yeye mwenyewe pia. "Tuendelee," akasema, wakafanya mazoezi mpaka jasho likalowesha mkeka.

Mwezi wa nane Bernard alihamishiwa Dodoma. Alikuja kuaga akiwa amevaa suti ya ofisini, akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili, muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata Ndihokubwayo alivaa nguo zake nyeupe, akaufunga mkanda, akainama kuusalimu ukumbi kama kawaida. Mwanamke aliyekuwa akitafuta mazoezi ya kwaya akachungulia mlangoni.

"Samahani, hapa hakuna watu?"

"Nipo mimi tu, mama."

Mwanamke akaomba radhi, akaondoka. Ndihokubwayo akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kijapani, akipiga ngumi hewani.