Mbwa Aitwaye Mtakoma

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, malori yalipita barabara ya Dutwa kama yanafukuzwa. Lililomgonga mbwa wa Mwandu halikusimama. Liliyeyukia kwenye vumbi lake, vipande vya pamba vikabaki vinaelea nyuma yake, taratibu, vyeupe, kama vya ndotoni.

Mwandu akatupa fimbo, akamrukia mbwa kumkumbatia. Mbwa akamng'ata mkono.

"Ananing'ata mimi! Mimi niliyemlea!"

"Ulitaka akuamkie?"

Alikuwa Mayu Justina, mama jirani yake, na gunia la pamba kichwani. Mwandu akatamani ardhi immeze. Mwaka juzi mbuzi wa huyu mama walimlia mahindi. Hakumwambia kitu usoni. Alimpa mbwa jina, kama watu wengi wanavyofanya wakiwa na jirani wa kumpasha. Mtakoma. Kila jioni alimwita kwa nguvu, kaelekea mji wa Justina.

Justina akatua gunia. Akavua kilemba, akakizungushia mdomo wa mbwa, akakifunga nyuma ya masikio, bila kukaza sana ili mbwa apate kuhema.

"Mbwa akiumia hamjui hata anayemfuga. Hata mimi ningekung'ata."

Akachagua pamba safi, akagandamiza paja lililokuwa linabubujika damu. "Shika hapa. Usichungulie-chungulie, utaamsha damu."

"Nimpe maji?"

"Apaliwe? Acha."

Wakamwaga pamba yote kando ya njia. Wakamsogeza mbwa juu ya gunia polepole, mgongo usipinde, Justina akamfunika khanga. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wakaenda Dutwa kwa bwana mifugo.

Jua lilikuwa utosini. Mashamba yamenyamaza pande zote, meupe, kama mawingu yameshuka kupumzika, na Mwandu akahisi miguu yake haigusi chini. Mbwa akaanza kufumba macho.

"Mwite," Justina akasema. "Asikie sauti anayoijua."

Mwandu akamwinamia mbwa. "We... we mbwa."

"Hana jina?"

Mwandu akakaza macho njiani.

Justina akavuta pumzi, akaita vilevile Mwandu anavyoita jioni: "Mtakoma! Mtakoma we! Usilale!"

Sikio moja likacheza.

Basi wakaita wote wawili mpaka Dutwa. Wenye baiskeli walishuka kuwashangaa, wengine wakidhani wanatukanwa wao.

Bwana mifugo alishona paja, akafunga mguu kwa vijiti. "Atapona huyu. Na wewe, osha huo mkono kwa sabuni, maji mengi, halafu hospitali moja kwa moja. Mbwa anaitwa nani, niandike?"

Mwandu akainama. "Mayu, nitambadilishia jina."

"Umbadilishie, na ndilo lililomrudisha?" Justina akamgeukia bwana mifugo. "Andika Mtakoma. Mbwa wa kwetu."

Mkia ukagonga gunia, mara moja.

"Na pamba yako, Mayu?"

"Ukitoka hospitali utakuja kuiokota na mimi. Nyanyuka."